Duka la Mjini na Programu za Bure: Kuzitoa Picha za Harusi Kwenye DVD Ili Ziharirike

Harusi ya dada yangu mkubwa ilifanyika Mombasa mwaka 2003, na kumbukumbu yake yote ya video imebaki kwenye DVD nne ambazo mama amezifunga ndani ya leso na kuziweka kabatini. Mpiga picha wa wakati ule alirekodi kwa kanda za MiniDV, akatutengenezea diski, kisha kanda zenyewe akazirekodia harusi nyingine, kwa sababu kanda ilikuwa ghali na hakuna aliyemwambia azihifadhi. Kwa hiyo diski hizo nne ndizo asili pekee tuliyo nayo. Mwaka huu binti wa dada anaolewa, na mama ameniomba nitengeneze filamu ya dakika ishirini ya kuonyeshwa wanawake usiku wa kupamba, ambamo mpwa wangu atamwona mama yake alipokuwa bibi harusi, na atamwona nyanya yetu, ambaye sasa ni marehemu, akiongoza vugo, ngoma ya wanawake ya harusini inayopigwa kwa pembe.

Tathmini hii inahusu njia nilizozipitia kuzitoa picha hizo kwenye DVD na kuziweka katika fomati inayofaa kuhaririwa. Nilianza na duka moja la katikati ya mji, ambalo sitalitaja jina, kisha nikajaribu programu ya HandBrake, halafu za MakeMKV na FFmpeg kwa pamoja, zote nikizitumia bila malipo kwenye laptopu ya kawaida yenye draivu ya DVD ya kuchomeka. Nitangulize hukumu yangu ili msomaji mwenye haraka asipotezewe muda: kazi ya duka haikufaa kuhaririwa hata kidogo, HandBrake ni nzuri kwa anayetaka kutazama tu, na kwa anayetaka kuhariri, MakeMKV na FFmpeg zikifuatana ndizo zilizonipa picha ninayoweza kuikata, kuiunga na kuionyesha bila aibu.

Ili hukumu hiyo ieleweke, ni lazima kwanza nieleze kilichomo ndani ya diski. DVD ya kawaida ya safu moja ina nafasi ya gigabaiti 4.7. Ukiifungua kwenye kompyuta utakuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake faili za VOB zilizokatwa vipande visivyozidi gigabaiti moja kimoja, pamoja na faili ndogo za IFO zinazoielekeza deki ianzie wapi na iruke wapi, na nakala zake za BUP. Picha iliyomo imebanwa kwa MPEG-2, na kwa kuwa Kenya ilifuata mfumo wa televisheni wa PAL, diski zetu zina picha ya pikseli 720 kwa 576, fremu (yaani picha mojamoja zinazounda video) 25 kwa sekunde. Kiwango cha DVD kinaruhusu video ifike megabiti 9.8 kwa sekunde, lakini mpiga picha akishindilia saa mbili za harusi kwenye diski moja, kama alivyofanya wetu, wastani wake unashuka hadi megabiti 5 na ushei. Hicho ndicho chakula chote kilichobaki chunguni, na kila atakayekibana tena atapunguza, hataongeza.

Tatizo la kuhariri linatokana na namna MPEG-2 inavyobana. Haihifadhi kila fremu kamili. Inahifadhi moja iliyo kamili, kisha zinazofuata zinaeleza tu kilichobadilika, nyingine zikitegemea iliyotangulia na nyingine zikitegemea ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, mpaka ifike fremu kamili nyingine, ambayo katika PAL haipaswi kuchelewa kupita fremu 15. Kwa mtazamaji anayeketi na kuangalia kuanzia mwanzo hadi mwisho, mpango huo ni mzuri sana. Kwa mhariri anayetaka kukata pale hasa nyanya anapoinua pembe ya vugo, programu inalazimika kurudi nyuma kuitafuta fremu kamili, kukokotoa zote za katikati, na ndipo ikuonyeshe unayoitaka, na jambo hilo hurudiwa kila unaposogeza kidole.

La pili, ambalo wengi hawalijui na ndilo linaloharibu kazi nyingi za maduka, ni kwamba picha za kamera za wakati ule zilifumwa. Kila fremu moja ina nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti: mistari ya witiri kwa wakati mmoja na mistari ya shufwa kwa mwingine, zikipishana kwa sehemu ya hamsini ya sekunde. Televisheni za zamani za kioo kinene zilizichora nusu hizo kwa zamu, na mwendo ukaonekana laini. Skrini za leo huchora mistari yote kwa pamoja, kwa hiyo kitu chochote kinachosogea, mkono unaopiga tari au shela inayopepea, huota pembeni meno kama ya kitana. Anayehamisha picha za DVD ana wajibu wa kuzifumua nusu hizo kwa utaratibu, na akizipuuza, au akazichanganya wakati wa kuikuza picha, meno yale huganda ndani ya picha na hakuna wa kuyatoa tena.

Sasa nirudi kwenye duka. Nilipeleka diski ya kwanza peke yake, ile ya nikahi msikitini na walima wa wanaume, nikitaka kwanza kuona kazi yao. Bei ilikuwa shilingi 500 kwa diski, na baada ya siku mbili nilirudishiwa faili moja ya MP4 ndani ya flashi niliyoileta mwenyewe. Huduma ya mezani sina la kuilalamikia. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, alinipa risiti bila kuombwa, na aliifuta diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuizungusha, na hiyo ndiyo njia iliyo sahihi. Aliponikabidhi flashi aliniambia kwa furaha, "Dada, hii tumekuwekea HD kabisa." Naamini alimaanisha wema.

Nilipofika nyumbani niliifungua faili kwa MediaInfo, programu ndogo ya bure inayoeleza sifa za faili ya video, kisha nikaitazama yenyewe kwa makini, nikaona mambo manne yaliyonisikitisha. Picha ilikuwa imekuzwa hadi pikseli 1920 kwa 1080, yaani ile picha ya umbo la nne kwa tatu imevutwa kujaza umbo la kumi na sita kwa tisa, na baba mzazi, aliyekuwa mtu mwembamba maisha yake yote, akawa na mashavu mapana kama si yeye. Fremu 25 zilikuwa zimegeuzwa 30 kwa kuirudia kila fremu ya tano, kwa hiyo watu wakitembea wanaonekana kusitasita kwa mpigo usiokwisha. Meno ya kitana hayakufumuliwa, yalikuzwa pamoja na picha na kuwa ukungu wa mistari. Na kasi ya data ilikuwa megabiti 1.2 kwa sekunde, yaani robo ya ile ya diski, huku ikitakiwa kujaza picha yenye pikseli mara tano zaidi. Fremu ya DVD ina pikseli 414,720; ya HD kamili ina 2,073,600. Pikseli hizo za ziada hazikutoka kwenye harusi yetu. Zimebuniwa na kompyuta kutokana na jirani zake, na kisha zikabanwa mpaka nyuso zikawa madoa.

Mtu anayetaka kuitazama faili hiyo kwenye simu huenda asione kasoro kubwa. Mimi nilitaka kuipunguzia mwanga uliozidi uani, kupunguza mwendo pale baba anaposhikana mkono na bwana harusi, na kuunganisha na picha mpya, na kila nilipogusa kitu, kasoro zile nne zilijitokeza zaidi. Kupunguza mwendo wa picha yenye fremu zilizorudiwa kunaleta kigugumizi ambacho hakitibiki.

Lakini lililonifanya nisirudi pale halikuwa la kiufundi. Wakati kijana ananakili faili yangu, niliona kwenye skrini ya kompyuta yao, iliyokuwa imegeukia wateja, safu ndefu ya folda zenye majina ya familia za watu, na baadhi zimeandikwa wazi "kupamba". Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo, ila nitalieleza kwa ajili ya wengine. Usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Wanavua mabuibui, wanavaa na kujipamba watakavyo, wanacheza; simu huzuiwa mlangoni, na mpiga picha huwa mwanamke aliyeaminiwa na familia. Wanawake wale walikubali kurekodiwa kwa sharti kwamba picha haitaonwa na macho yasiyohusika. DVD ile ikikaa kabatini, sharti linatunzwa. Ikiingia kwenye kompyuta ya duka ambayo kila mpita njia anaiona, na nakala ikabaki humo miezi, sharti limevunjwa hata kama hakuna aliyekusudia ubaya. Nilimwomba kijana aifute folda yetu mbele yangu, naye aliifuta, na kwenye kapu la taka pia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayompa kila mtu haki ya kuelezwa data yake itatumiwaje, na picha ya mtu ni data yake; kwa hiyo mteja anayeuliza nakala itakaa wapi na mpaka lini hamsumbui mwenye duka, anadai kilicho chake. Diski tatu zilizobaki, mbili kati yake za wanawake, niliamua zisitoke nyumbani.

Nilianza na HandBrake kwa sababu ndiyo inayopendekezwa na kila mtu. Ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 2003 na Eric Petit, na leo inapatikana kwa Windows, macOS na Linux. Ni rahisi kuitumia: unaichagulia diski, unachagua mpango, unabonyeza kuanza. Faili ya MP4 iliyotoka ilikuwa bora kupita ile ya duka kwa mbali sana, umbo la nyuso lilikuwa sahihi na meno ya kitana yalikuwa yamefumuliwa. Nilimtumia dada, akalia kwa furaha, na kwa kazi hiyo ya kutazama na kutumiana ndani ya familia nampendekezea yeyote.

Kwa kuhariri, hata hivyo, kuna mitego. Mipango yake ya kawaida huruhusu idadi ya fremu kwa sekunde ibadilike-badilike kulingana na picha, na programu za kuhariri hazilipendi jambo hilo, sauti huanza kuachana na midomo kadiri filamu inavyoendelea; ni lazima uichagulie idadi isiyobadilika na iliyo sawa na ya diski. Pia hukata yenyewe kingo nyeusi za picha, na kwa kuwa kila diski ina kingo zake, nilijikuta na faili za vipimo tofauti ambazo hazilingani zikiwekwa sambamba. Yote mawili yanarekebishika kwa kuingia kwenye mipangilio. Kilichonishinda ni kwamba kodeki, yaani njia ya kubana video, inayotumiwa zaidi humo, H.264, inabana kwa kutegemeana kwa fremu kama MPEG-2, tena kwa ukali zaidi, kwa hiyo umeibana picha mara ya pili na bado hujampa mhariri wepesi aliouhitaji. Laptopu yangu yenye kumbukumbu ya gigabaiti nane ilikuwa ikisimama kila niliposogea nyuma fremu moja.

Wapo wanaoshauri kutotumia programu yoyote, bali kuzinakili faili za VOB moja kwa moja na kuzibadilisha jina. Nilijaribu. Kipande cha kwanza kilifunguka vizuri katika Shotcut, programu ya kuhariri video, lakini VOB hukatwa kwa ukubwa na si kwa mkasa, wimbo ulikatika katikati, na nilipounga kipande cha pili mlio wa matari ulikuwa umechelewa nyuma ya mikono. Alama za muda zilizomo ndani ya faili hizo zinaweza kuanza upya njiani, na programu ya kuhariri haina ile ramani ya IFO inayoisaidia deki.

MakeMKV ndiyo inayoisoma ramani hiyo. Kazi yake ni moja tu, kuichukua video na sauti zilizomo kwenye diski na kuziweka ndani ya faili moja ya MKV bila kubana upya hata biti moja, na kwa DVD haidai malipo. Diski ya saa mbili ilichukua kama dakika ishirini, na faili iliyotoka ilikuwa na gigabaiti 4 na kitu, takriban sawasawa na uzito wa diski, ambayo ni dalili njema. Sauti ilifuatana na picha kutoka mwanzo hadi mwisho. Faili hii nimeihesabu kuwa ndiyo nakala ya kuhifadhi; nimeiweka kwenye hifadhi mbili za nje, moja kwangu na moja kwa dada, kwa sababu diski za kuchomwa zina rangi inayochakaa kwa joto, unyevu na mwanga wa jua, na joto na unyevu ndiyo hali yetu ya kila siku hapa pwani.

Nina lawama moja tu juu yake, nayo ni kubwa kwa anayehusika na video za familia. Kwa mipangilio yake ya mwanzo, MakeMKV hupuuza kila kipande kisichofika sekunde 120. Mpango huo una maana kwa diski za sinema, ambazo zimejaa vipande vya matangazo na menyu. Diski zetu za harusi zilitengenezwa na fundi aliyependa kuweka utangulizi mfupi peke yake kabla ya menyu, na katika diski ya pili utangulizi huo, wa sekunde tisini, ni nyanya amekaa kitandani akimfunga bibi harusi kilemba cha asumini na kumwombea dua. Programu haikunionyesha kabisa. Nilijua kuwa umekosekana kwa sababu tu mama, aliyekuwa ameketi nyuma yangu, aliuliza, "Na ile dua iko wapi?" Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya video, ushushe kiwango hicho mpaka sifuri kabla ya kufungua diski yoyote ya familia.

Faili ya MKV bado ina MPEG-2 iliyofumwa ndani yake. Shotcut na Kdenlive, zote za bure, zinaifungua, ila kwa uzito uleule nilioueleza. Programu nyingine ya kuhariri, DaVinci Resolve ya bure, kwenye laptopu yangu haikuikubali. Hapo ndipo inapoingia FFmpeg, ambayo ilianzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, na ambayo injini yake inafanya kazi kimyakimya ndani ya programu nyingi za video ulizowahi kuzitumia. Haina dirisha wala vitufe. Unaiandikia amri na inatekeleza. Jambo hilo humtisha mtu mwanzoni, na mimi lilinitisha, lakini amri niliyoihitaji ni ya mstari mmoja na ninaiweka hapa kama nilivyoitumia:

ffmpeg -i diski2.mkv -vf "bwdif=mode=send_field,scale=768:576,setsar=1" -c:v prores_ks -profile:v 2 -c:a pcm_s16le diski2.mov

Neno bwdif ndilo linalofumua, na kwa kuambiwa send_field linaigeuza kila nusu kuwa fremu kamili, kwa hiyo fremu 25 zilizofumwa zinazaa fremu 50 zilizo safi na mwendo wote uliorekodiwa na kamera unabaki. Mipango mingi hutupa nusu moja na kubakisha 25. Kwa hotuba ya sheikh huwezi kuona tofauti. Kwa lelemama, ngoma nyingine ya wanawake, na kwa vugo tofauti ni kubwa, kwa sababu mabega na mikono inakwenda kwa ulaini uleule tuliouona kwenye televisheni ya zamani ya mama, na ukipunguza mwendo kwa nusu, hakuna kigugumizi. Sehemu inayofuata inarekebisha umbo. Pikseli za DVD si za mraba, na ndiyo sababu picha ya 720 kwa 576 huonekana katika umbo la nne kwa tatu pale tu programu inapojua kuivuta. Kwa kuifanya 768 kwa 576 yenye pikseli za mraba, hakuna programu itakayokosea tena mashavu ya baba. Kama diski yako ni ya umbo pana la kumi na sita kwa tisa, andika 1024 mahali pa 768.

Kodeki niliyoichagua ni ProRes 422, iliyotolewa na Apple mwaka 2007 mahususi kwa kuhariri. Kila fremu humo inajitegemea, haimngojei jirani yake, na laptopu ileile iliyokuwa ikisimama sasa inarudi nyuma na kwenda mbele bila kusita. Anayetumia programu za Avid anaweza kuchagua DNxHR, ambayo imejengwa kwa fikra hiyohiyo. Sauti nayo imetolewa kwenye mbano wake na kuwa PCM, ili kupandisha na kushusha kusiichakaze.

Gharama yake ni nafasi. Kwa picha ya PAL ya fremu 25, ProRes 422 inatumia kama megabiti 41 kwa sekunde, ambayo ni gigabaiti 18 na nusu kwa saa. Kwa fremu 50 ni maradufu, gigabaiti 37 kwa kila saa. Saa nane za harusi zingemeza karibu gigabaiti 300. Sikuzigeuza zote. Nilizitazama faili za MKV kwa VLC pamoja na mama na dada, daftari mkononi, tukaandika dakika na sekunde za kila tunachokitaka, kisha nikaiambia FFmpeg igeuze vipande hivyo tu. Tulipata dakika arobaini, gigabaiti 25, na usiku ule wa kuchagua ulikuwa na thamani yake, kwa kuwa mama alitutajia majina ya wanawake ambao mimi sikuwajua na dada alikuwa amewasahau. Faili hizi za ProRes si za kuhifadhi. Filamu ikikamilika nitazifuta, kwa sababu asili iko salama kwenye MKV.

Diski ya tatu ilitusumbua. Ina mkwaruzo mrefu na doa la ukungu ukingoni, na MakeMKV ilifika katikati ikakataa. Kwa diski ya namna hiyo nilitumia GNU ddrescue, nikiiwasha laptopu kwa Linux kutoka kwenye flashi. Programu hii haing'ang'anii pabovu. Hukusanya kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi, ikaweka alama palipokataa, kisha ikarudi kupajaribu tena na tena. Alama hizo huziandika kwenye faili ya ramani, na nilishukuru kwa hilo usiku wa pili, umeme ulipokatika mtaani na betri ikaisha, kwa kuwa asubuhi iliendelea pale ilipoachia. Baada ya usiku mbili nilikuwa na taswira nzima ya diski katika faili moja ya ISO, ambayo MakeMKV iliifungua kama diski ya kawaida. Duka lenye mashine nzuri zaidi lingeweza kufanya hivi kwa haraka kuliko mimi, na ningelilipa vizuri kama lingenihakikishia faragha.

Kwa asiye na kompyuta, au asiyependa kuandika amri, sisemi maduka yote ni sawa. Nilipomweleza rafiki masaibu yangu, alinipeleka kwa mwanamke anayerekodi harusi za wanawake na anayefanya kazi hii nyumbani kwake Kibokoni. Anatoza shilingi 1,200 kwa diski, zaidi ya mara mbili ya bei ya mjini, na ni mwepesi wa kueleza kwa nini: anakuruhusu ukae naye mpaka amalize, anaandika moja kwa moja kwenye hifadhi uliyokuja nayo, na habakishi nakala. Nilimuuliza maswali ninayomshauri kila mteja ayaulize popote aendapo, kama anabana upya au anatoa kama ilivyo, kama fremu zitabaki 25 au 50, kama umbo la nne kwa tatu litahifadhiwa, nusu zinafumuliwa kwa njia gani, na alinijibu yote bila kutafuta maneno. Fundi anayekujibu kwa neno "HD" peke yake hajajibu hata moja kati ya hayo.

Filamu imefika dakika kumi na saba. Picha za zamani nimeziacha katika umbo lake, katikati ya skrini, kingo mbili zikiwa nyeusi, na nitazikuza mara moja tu, mwishoni, wakati wa kuitoa filamu nzima. Katika diski ya tatu kuna sekunde kumi na moja ambazo hata ddrescue haikuweza kuzirudisha, wakati wanawake wanaingia uani na vugo. Picha hapo inavunjika vipande na sauti inakatika. Dada anakumbuka wimbo uliokuwa ukiimbwa. Ijumaa nitamrekodi yeye na mama wakiuimba, niuweke mahali hapo pasipo na picha.